Mbwa anafukuza mkia wake hadi unatoka damu

SWALI: Daktari, shikamoo. Tuna mbwa dume wa mwaka mmoja na nusu, jamii ya German Shepherd, anayelinda nyumba yetu hapa Iwambi, Mbeya. Mchana hufungwa mnyororo, usiku tunamfungulia. Tangu akiwa mdogo alikuwa akifukuza mkia wake na watoto wakimshangilia, lakini siku hizi huzunguka muda mrefu, haitiki akiitwa, na wiki hii ameung'ata mkia hadi ukatoka damu. Baba anamchapa, na jirani anashauri tuukate mkia wenyewe. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba. Mkia msiukate, na fimbo iwekwe kando leo hii, kwa sababu mbwa anayechapwa kwa jambo asiloweza kulizuia huongezewa hofu, na hofu humzidishia kuzunguka.

Anzeni na mwili wake. Pekueni manyoya ya shina la mkia mwangalie viroboto. Angalieni pia kama kuna vipande vinavyofanana na punje za mchele kwenye njia ya haja kubwa, ambavyo ni dalili ya minyoo ya tegu. Mbwa huipata minyoo hiyo kwa kumeza kiroboto anapojing'ata, kwa hiyo dawa ya minyoo pekee, bila kuua viroboto, haitawafikisha mbali. Akijiburuza makalio chini, huenda tezi mbili zilizo pembeni ya njia hiyo zimejaa. Daktari wa mifugo atazikagua, atapapasa mgongo kuona kama una maumivu, na atasafisha kidonda. Kwa kuwa tabia hii ilianza zamani na haikuzuka ghafla, sidhani kama ni kichaa cha mbwa. Hata hivyo, ikiwa chanjo yake ya mwaka imepita, achanjwe.

Mwili ukionekana salama, itazameni siku yake, na hapa ndipo ninapoushuku mnyororo. Mbwa wa jamii hii alizalishwa kwa ajili ya kuchunga kondoo. Akifungwa kutwa nzima mahali pamoja, kitu pekee kinachokimbia mbele yake ni mkia. Mtembezeni asubuhi na jioni, hata katika baridi ya Juni, na kama ua umefungwa vizuri, mwacheni huru mchana pia. Chakula chake msikimwage chote kwenye sufuria: tawanyeni dagaa kwenye majani awatafute kwa pua. Watoto wasimshangilie wala wasimpigie kelele, maana kwake vyote viwili ni malipo. Wamwite kabla hajaanza, wampe kazi nyingine, na akitulia ndipo wamsifu.

German Shepherd na Bull Terrier wamo miongoni mwa mbwa ambao tabia hii huweza kugeuka ugonjwa wa akili usiozuilika. Utafiti uliofanywa nchini Finland na kuchapishwa mwaka 2012 uliona kwamba mbwa wanaofukuza mikia walikuwa wametenganishwa na mama zao mapema zaidi kuliko wenzao, jambo ambalo wanunuzi wa vitoto vya mwezi mmoja barabarani wangelifikiria.

Mrekodini kwa simu anapozunguka, mkamwonyeshe daktari, kwani akifika kliniki huenda akatulia kabisa. Daktari anaweza kuamua kumpa fluoxetine, dawa ya kupunguza wasiwasi na tabia zisizozuilika. Msimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Fluoxetine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo, kwa hiyo msiikatishe kwa kuwa siku ya tano bado anazunguka.