Jenereta imegoma kuwaka? Fungua plagi kabla hujavuta kamba tena

Hapa Busia mvua zikianza umeme unakatika ovyo, na ukikatika tu unasikia mtaa mzima watu wanavuta kamba za jenereta. Sasa kama una saluni, ama duka la kufotokopi kama langu, hiyo hali unaijua, mteja amesimama na karatasi zake, jenereta imekohoa mara moja ikanyamaza. Na wengi wetu hapo tunachofanya ni kuvuta tu, vuta vuta mpaka bega linauma na kamba inakatika, alafu anaitwa fundi anafungua injini yote. Ndugu zangu, mara nyingi hiyo injini ni nzima kabisa. Imekosa petroli ama imekosa moto, na plagi yenyewe, kile kifaa kinachopiga cheche za moto ndani ya injini, itakuambia ni kipi.

Naongelea hizi ndogo za stroku nne, zenye injini kama Honda GX160 na zile za Kichina zinazofanana nazo, ndio zimejaa huku.

Kabla hujashika spana angalia vitu vya juu juu, swichi ya injini imewashwa, koki ya petroli iko wazi, choki (kile kilango cha hewa) imefungwa kama injini ni baridi. Haya yanachukua dakika moja. Alafu angalia oili, na hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wanapoteza pesa bure. Injini nyingi za aina hii zina sensa ya oili, oili ikishuka sensa inakata moto kwenye plagi ili injini isijiue, kwa hiyo unaweza kuvuta mpaka jioni na haitawaka. Na sensa haijui kama oili imeisha ama mashine imeinama tu. Jirani yangu mshonaji alikuwa na jenereta inayowaka vizuri uani lakini ikiletwa verandani inakataa, na fundi alishamwambia koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, imekufa anunue nyingine. Ukiangalia ile veranda, sakafu imemwagwa ikiwa imeinama ili maji ya mvua yatoke. Tukaweka kipande cha ubao chini ya miguu ya upande mmoja ikakaa sawa, akavuta, ikawaka. Hiyo koili haijanunuliwa mpaka leo.

Ukipima oili ipime mashine ikiwa imekaa sawa, futa kijiti, kitumbukize bila kukizungusha, alafu kitoe uangalie. GX160 inachukua kama lita 0.6 tu, so ikipungua kidogo inaonekana haraka.

Oili iko sawa na bado imegoma? Vuta kamba mara chache choki ikiwa imefungwa, alafu toa plagi uiangalie mdomoni. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila moto hamna, ama umevuta sana na choki mpaka injini imezama.

Kavu ndio inatokea zaidi, hasa mashine ikikaa muda bila kazi. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika na inaacha utando kama vanishi ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Chini ya kabureta kuna kikombe chenye bolti ndogo ya kutolea uchafu, weka chombo cha kuonesha ndani, chupa ya maji iliyokatwa inatosha, fungua bolti uache imwagike. Angalia kilichotoka. Kama kuna matone yanayotembea chini ya petroli kama shanga, hayo ni maji, na kwa hizi petroli za jerikeni zinazouzwa wakati wa mvua si ajabu. Kama inanuka kama rangi ya zamani basi imeoza, mwaga yote mpaka ya tanki. Ikiwa hakitoki kitu, njia imeziba huko juu, kwenye koki ama chujio lake.

Ukiweka petroli safi na bado, fungua kikombe utoe jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu. Kiinue kwenye mwanga, lazima uone upande wa pili. Zibua na uzi mmoja wa kopa kutoka kwenye waya wa umeme, usitumie sindano ya chuma kabisa, inapanua tundu na mashine itakunywa petroli mpaka uchoke.

Kama plagi imelowa, zima swichi, funga koki, fungua choki, vuta mara kadhaa plagi ikiwa nje ili injini iteme petroli. Futa plagi, sugua masizi, mwanya uwe milimita 0.7 mpaka 0.8. Kupima moto, sogeza petroli mbali, futa iliyomwagika, ivalishe plagi kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu, washa swichi, mwenzio avute. Moto wa bluu ni mzuri. Hamna kitu? Jaribu plagi mpya kwanza, ni bei ndogo, ndio uanze kufikiria koili.

Na hata kama mvua inanyesha, tafadhali usiiwashie ndani, hata kwenye korido. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wamelala. Iweke nje, mbali na madirisha, uitengenezee kipaa cha mabati.

Ikiwa kamba inavutika laini kama hamna kitu ndani, hapo ni kompresheni, yaani injini haibani hewa tena, ni valvu ama ringi, hiyo kweli ni kazi ya fundi. Mwambie ulichokuta kwenye plagi na kwenye kikombe, aanzie hapo, na simama karibu wakati anafungua uone kila kipande anachotoa.