Jibu: Timu ya futiboli ya sekondari Texas, anzeni na hesabu ya dakika

Mkuu, nimesoma swali lako. Umeingizwa kwenye benchi la ufundi la timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari ndogo huko Texas, timu imezoea kufungwa, kocha mkuu mpya anataka kila msaidizi alete mpango wake, na wewe umekulia kwenye soka. Waliotangulia kujibu wamekutajia mifumo ya kushambulia: spredi, wing-T, opsheni. Mfumo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni dakika mlizonazo.

UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule Texas, kinaruhusu saa 8 tu za mazoezi nje ya vipindi vya masomo, tangu wiki ya shule inapoanza hadi Ijumaa masomo yanapoisha. Hizo ni dakika 480. Kuna kipindi cha michezo ndani ya ratiba ya shule, hicho kitumieni kwa vyuma na video. Mgawanyo unaofanya kazi: Jumatatu dakika 120, Jumanne 130, Jumatano 130, Alhamisi 60. Mnabaki na 40 za akiba. Halafu kumbuka kwamba kugongana kwa kasi ya mechi kuna kikomo chake, dakika 90 kwa wiki kwa kila mchezaji. Kwa hiyo ile picha ya vijana wanaopondana kila jioni mpaka giza, isahau. Hairuhusiwi, na isitoshe ndiyo inayowafikisha Ijumaa wakiwa wameumia.

Sasa angalia Jumanne. Ukitoa kupasha mwili, mafunzo ya nafasi moja moja, mikwaju na mazoezi ya vikundi, timu nzima kwa pamoja inapata kama dakika 35. Mkicheza mchezo mmoja, yaani shambulizi moja lililopangwa, tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama, kila sekunde 30 mtafikisha michezo 70. Kitabu chenu kikiwa na michezo 60, kila mmoja umefanyiwa mazoezi mara moja. Kikiwa na 14, kila mmoja umepata mara tano, na Jumatano mara tano nyingine. Ijumaa mtapata nafasi 50 hadi 60 hivi za kushambulia. Kijana wa miaka 16 aliyefanya kitu mara moja Jumanne, usiku wa Ijumaa mbele ya watu anasimama anafikiri, na anayefikiri anachelewa hatua moja. Makocha wengi wachanga hukwama hapa: wananakili michezo ya NFL, ligi ya kulipwa, kutoka mtandaoni bila kukumbuka kwamba wale ni watu wazima walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Mimi ningeanza na michezo sita ya kukimbia na mpira, minane ya kurusha, basi. Mpinzani mpeni sura tofauti kwa kubadilisha mahali wachezaji wanaposimama, lakini kazi ya wale watano wa mbele wanaowazuia wapinzani, lainimeni, ibaki ileile. Sekondari ya De La Salle ya Concord, California, chini ya kocha Bob Ladouceur, ilishinda mechi 151 mfululizo tangu 1992 hadi ilipofungwa 2004, na mashambulizi yake yalisimama juu ya opsheni yenye michezo michache iliyorudiwa mpaka ikaingia kwenye damu. Opsheni inawafaa wadogo kwa sababu moja ya wazi: mlinzi mmoja mnamwacha bila kumzuia, na kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuongoza shambulizi, anamsoma. Mlinzi akimfuata mkimbiaji anayetaka kukabidhiwa mpira, kwotabeki anaunyakua anaondoka nao. Akibaki nje, mkimbiaji anakabidhiwa mpira. Yaani mtu mmoja mkubwa wa timu pinzani mmemwondoa bila kumgusa.

Kwenye kurusha, angalieni upana wa uwanja kabla ya kuchora chochote. Uwanja una upana wa futi 160, na alama za ndani za sekondari zinaugawa sehemu tatu sawa, futi 53 na inchi 4 kila moja. Mpira ukiwekwa alama ya kushoto, upande wa kulia una zaidi ya yadi 35 mpaka mstari wa nje. Mkono wa kijana wa kawaida hauwezi kuupeleka mpira wa kasi huko. Unaelea, beki anaudaka, na mbele yake hakuna mtu. Warushie pembeni upande mfupi tu. Upande mrefu tumieni kwa kukimbia, au kwa mpira mfupi unaorushwa nyuma ya lainimeni.

Hao lainimeni ndio wanaoamua msimu, na ndio wanaopungua. Watano wakianza, wanane wawe wamefunzwa. Wa sita ajue kucheza kushoto na kulia, wa saba awe akiba wa senta, lainimeni wa katikati anayeuanzisha mpira. Msimsahau huyo senta wa akiba! Senta wa kwanza akiteguka kifundo robo ya pili, asiyezoea kuupitisha mpira kati ya miguu anauangusha, na mechi inakwisha hapohapo ingawa saa bado inatembea. Masenta wote wawili wapitishe mipira 50 kwa kila kwotabeki kabla mazoezi hayajaanza, kila siku.

Sehemu ambayo wewe wa soka utawafaa kuliko wote ni mikwaju. Soka ya shule chini ya UIL huchezwa Januari hadi Aprili, haigongani na futiboli. Nenda kwa kocha wa soka, omba vijana wanne, wapime. Kwenye baadhi ya miji ya Texas utawakuta hata watoto wa Kikongo na Kitanzania ambao wanapiga mpira vizuri na hawajawahi kuulizwa. Mkwaju wa pointi, ule wa kupitisha mpira kati ya milingoti, unapigwa mpira ukiwa umeshikiliwa yadi 7 nyuma ya senta. Kutoka mpira kuondoka mikononi mwa senta mpaka mguu kuugusa, lengeni sekunde 1.3 hadi 1.4. Ukizidi hapo unazuiwa. Pigo la dauni ya nne (dauni ni jaribio moja la kusogeza mpira, na la nne ndilo la mwisho), lile la kuwasukumia wapinzani mbali, mpigaji anasimama yadi 13 hadi 15 nyuma na kila kitu kiishe ndani ya sekunde 2.2. Mara nyingi tatizo si mguu, ni anayeupitisha mpira nyuma. Mtafuteni Januari, si lazima awe mkubwa, awe mtulivu. Wekeni dakika 15 za mikwaju mwanzoni mwa mazoezi. Zikiwekwa mwishoni hazifanyiki, au zinafanyika vijana wakiwa wamechoka.

Vyuma: Januari hadi Mei, siku nne kwa wiki kama ratiba inaruhusu, tatu zisipungue. Skwati, benchi presi, na kunyanyua kutoka sakafuni hadi mabegani. Kwa mgeni, wiki tatu za mwanzo ni kujifunza mkao sahihi tu, kwa uzito mdogo. Baada ya hapo seti tano za mara tano, na kilo 2.5 hadi 5 ziongezwe pale tu alipomaliza zote bila mgongo kupinda. Pima Januari, Machi na Mei, bandika matokeo ukutani. Karatasi ile inawaleta vijana kuliko hotuba yoyote.

Agosti ni joto, na joto linaua. Mwongozo wa NATA, chama cha wakufunzi wa tiba za michezo wa Marekani, unataka siku 14 za kuuzoeza mwili: siku mbili za kwanza kofia ngumu tu, ya tatu hadi ya tano kofia na pedi za mabega, vifaa kamili kuanzia ya sita. Siku tano za mwanzo ni zoezi moja kwa siku. UIL wana ratiba yao, ifuateni, na palipo na tofauti chukueni iliyo kali zaidi. Beseni kubwa la maji na barafu lijazwe kabla vijana hawajatoka nje. Kijana akianguka na joto la mwili limepita nyuzi 40, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, anatumbukizwa hapohapo huku mtu mwingine akipiga 911. Poza kwanza, gari baadaye. Aliyegongwa kichwa akayumba harudi uwanjani siku hiyo, hata baba yake akipiga kelele jukwaani. Kofia nazo zikaguliwe kila mwaka; iliyofikisha miaka 10 itupwe.

Kuna wachezaji mtakaowapoteza bila kuguswa na mtu. Sheria ya Texas ya 1984 inamsimamisha anayepata chini ya 70 katika somo, kwa wiki tatu walau. Alama za kwanza hutoka baada ya wiki sita za masomo, yaani mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba, mechi za wilaya zikiwa zimepamba moto. Kwa hiyo mpeni msaidizi mmoja kazi ya kuangalia alama kila Jumatatu kuanzia wiki ya pili. Umri nao: Septemba 1 mchezaji awe hajafikisha miaka 19. Watoto waliopitia kambi za wakimbizi mara nyingi wameandikwa wamezaliwa Januari 1, hivyo kagueni karatasi zao majira ya masika, si wiki ya mechi ya kwanza.

Video haina mengi. Mpinzani anafanya nini dauni ya kwanza, anafanya nini ya tatu ikibaki zaidi ya yadi 7, na anabadilika vipi akikaribia goli. Makocha wanaweza kuwa na kurasa 20 wakipenda. Kijana apewe moja, Jumatatu, na Alhamisi aulizwe kilichomo.

Wiki hii wewe anza na orodha ya majina yote, kila nafasi watu wawili kwa kalamu ya risasi, kisha nenda kwa kocha wa soka.