Usikariri protini mia mbili, anza na moja

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili imetoka wiki iliyopita, na tangu niiposti simu haijapumzika. Asanteni kwa pongezi. Ila ujumbe mmoja umenikaa moyoni, wa kijana wa mwaka wa pili anayekaa Nyegezi: "Shikamoo dada. Napenda sana habari za ribosomu, lakini hapa Mwanza hatuna darubini za kuzionea. Nibadilishe mada?"

Marahaba mdogo wangu. Usibadilishe. (Kwa mgeni wa mada: ribosomu ni viwanda vidogo sana ndani ya seli vinavyotengeneza protini.)

Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako mimi nililipokea kwa njia ya kuumiza. Nilipopeleka andiko la utafiti wangu wa mwisho kuhusu protini zinazounda ribosomu za hamira, mwalimu mmoja alisoma kichwa tu, akalirudisha mezani mbele ya wenzangu: "Hamira ni ya maandazi. Tafuta mada ya malaria." Darasa likacheka. Nimesamehe, lakini kicheko kile bado nakisikia. Malaria ni jambo kubwa, na kanda hii ya ziwa nani asiyelijua? Lakini hamira hiyo hiyo wanayoumulia unga mama ntilie wa Kirumba, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo iliyotangulia viumbe wote wenye seli zenye kiini kusomwa jenomu yake nzima, yaani vinasaba vyake vyote, mwaka 1996. Na mengi tunayoyajua kuhusu namna ribosomu ya binadamu inavyoundwa yalianzia kwake.

Mada yenyewe inatisha kwa hesabu. Ribosomu moja ya hamira ina protini 79 na molekuli nne za RNA, ndugu wa DNA. Kuiunda kunahitaji protini nyingine zaidi ya 200 ambazo hazibaki ndani yake: zinaingia, zinafanya kazi, zinatoka. Seli inayokua vizuri huunda ribosomu kama 2,000 kila dakika. Ukianza kwa kukariri majina yote hayo utachoka mapema. Chagua protini moja, uiulize maswali matatu: inaingia lini, inakaa wapi, nani anaitoa. Mimi nilichagua Tif6.

Tif6 ni ndogo, asidi amino (matofali yanayojenga protini) 245 tu, na umbo lake ni vipande vitano vinavyofanana vilivyojipanga kuzunguka kitovu kimoja. Inakishika kipande kikubwa cha ribosomu, 60S, kikiwa bado ndani ya kiini, inasafiri nacho hadi nje. Inakaa kwenye uso ule ule ambao kipande kidogo, 40S, kinapaswa kushikana nao. Ikiwapo, vipande hivyo viwili havikutani. Ni kama mirunda inayoshikilia zege: zege likishakauka na mirunda haijaondolewa, chumba hakikaliki.

Wanaoiondoa ni protini mbili, Sdo1 na Efl1. Sdo1 hujipachika ndani ya 60S, Efl1 inayotumia nguvu ya GTP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inakuja juu yake, na Tif6 inaachia. Hapo ndipo mada ilipobadilika machoni pangu, kwa sababu Sdo1 ya binadamu inaitwa SBDS. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2003. Watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni hiyo hupata ugonjwa wa Shwachman-Diamond: kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha, uboho unashindwa kuzalisha chembe nyeupe za damu, na baadhi yao huishia kupata saratani ya damu. Hamira isiyo na Sdo1 nayo hukua kwa taabu. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba hamira hiyo hupata nafuu iwapo Tif6 yake ina badiliko linaloifanya isiishike 60S kwa nguvu. Kisha mwaka 2021 jambo lile lile likaonekana kwenye damu ya wagonjwa: baadhi ya seli zao zilikuwa zimepata mabadiliko kwenye jeni ya eIF6, yaani Tif6 ya binadamu. Nilisoma hayo usiku umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, na usingizi haukuja. Halafu mtu akwambie hamira ni ya maandazi!

Darubini sikuwa nayo. Nilikuwa na kompyuta ya mtumba na bando la usiku, chumbani Mabatini. Maumbo yote yamewekwa wazi kwenye Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini, bure, na programu ya kuyatazama, ChimeraX, ni bure kwa mwanafunzi. Nilifungua 60S yenye Tif6, nikapaka kila kitu kijivu, Tif6 nyekundu. Kisha nikaleta ribosomu kamili ya hamira iliyochapishwa mwaka 2011, namba yake humo 4V88, nikazilaza 60S mbili moja juu ya nyingine. 40S ikaja kukaa palepale ilipo ile nyekundu, zikaingiliana. Kwenye usaili niliulizwa Tif6 inazuia nini, na nilijibu kwa picha ile.

Vijana wa Mwanza, tuache kusubiri vifaa ndipo tuanze kufikiri. Vifaa vinamfuata mwenye swali. Mtu akikukatisha tamaa, rudi kwenye swali lako, ulisome zaidi.

Kwako mdogo wangu, napendekeza protini iitwayo Rea1. Ina asidi amino 4,910, na kazi yake ni kuzing'oa protini za Ytm1 na Rsa4 kutoka kwenye 60S inayoundwa. Ijibie maswali yale matatu kwa ukurasa mmoja, unitumie niusome kabla hujaupeleka kwa msimamizi wako.