Vifuniko vya jiko vinatoka na meno ukingoni

Ndugu yangu wa Kibuye, umeuliza kwa nini vifuniko vya jiko unavyokata kwa presi vinatoka na meno ukingoni, yaani ncha kali za chuma. Usiilaumu presi kwanza. Pima nafasi kati ya panchi (kipande cha juu kinachoshuka kukata) na dai (kipande cha chini chenye tundu ambamo panchi huingia). Panchi ikishuka, huingia kidogo kwenye bamba, kisha chuma kilichobaki hupasuka. Nafasi ikiwa kubwa mno, chuma hujipinda na kuvutika kabla ya kupasuka, na hapo ndipo meno huota. Kwa chuma laini cha milimita 1, acha milimita 0.05 hadi 0.1 kila upande. Nafasi iko sawa? Basi makali ya panchi na dai yamekuwa butu, yanoe. Na tafadhali, bamba lishike kwa koleo. Fundi mwenzangu hapa Nakuru alipoteza kidole.