Akikimbia atakimbizwa: maswali yenu kuhusu mbwa na paka

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja. Nimezifupisha, na zilizofanana nimezijibu pamoja.

Mbwa wangu ni mpole kwa kila mtu, hata kwa watoto wanaomvuta masikio. Lakini akimwona paka tu anageuka mnyama mwingine. Kwa nini anawachukia hivyo?

Hawachukii. Mwenye chuki ana kisa, na mbwa wako hana kisa chochote na paka ambaye ndiyo kwanza anamwona. Kinachomwasha ni mwendo: kitu kidogo, chenye manyoya, kinachochomoka ghafla na kumpa mgongo.

Mbwa alitokana na mbwa mwitu (yule aitwaye wolf kwa Kiingereza, si yule wa mbuga za Afrika), na uwindaji wa mbwa mwitu huenda kwa hatua: hukodoa macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, huua, ndipo hula. Binadamu, aliyeanza kuishi na mbwa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, alizichezea hatua hizo kadiri ya shida zake. Border collie, mbwa wa kuchunga kondoo, amebakizwa na macho makali, kunyemelea na kukimbiza. Kung'ata kumefifishwa, maana mchungaji hataki kondoo wenye majeraha. Greyhound ni mbio tupu. Terrier alizalishwa kwa kuua panya na wanyama wadogo, kwa hiyo yeye hataki kuishia njiani: akikamata hutikisa. Mbwa wakubwa wa kulinda mifugo wao wamepunguziwa hamu hiyo kiasi kwamba wanaweza kulala katikati ya mbuzi. Ukiniuliza kama mbwa wako ni hatari kwa paka, kabla ya tabia yake nitauliza wazazi wake ni wa aina gani.

Wawili kati yenu mmeandika kwamba mmemwongezea chakula mkidhani ni njaa. Mbwa aliyeshiba hukimbiza vilevile. Kwake mbio zenyewe ndizo zawadi, na kila anapokimbiza anajilipa papo hapo bila kukungoja wewe. Ndiyo maana tabia hii hukua kadiri anavyoachwa aifanye.

Macho nayo yamo. Mbwa haoni rangi nyingi, zaidi ni buluu na njano, lakini hata kwenye giza la magharibi hukiona upesi kitu kinachotikisika. Paka aliyetulia chini ya kiti anaweza kupitwa hatua chache tu. Akichomoka, kazi imeanza.

Paka wa jirani yangu hakimbii. Anasimama, anamtazama mbwa wangu, na mbwa anarudi nyuma huku amefyata mkia. Ana siri gani?

Ameuharibu mchezo. Hakuna anayekimbia, basi hakuna wa kukimbizwa, na mbwa wengi wakifika hapo hawajui hatua inayofuata. Paka naye hujikuza: hupinda mgongo, husimamisha manyoya, hugeuka ubavu ili aonekane mkubwa, hufoka. Kama mbwa wako aliwahi kuparuzwa pua, hahitaji kukumbushwa. Ukucha wa paka ukifika kwenye jicho la mbwa unaweza kumpofusha, kwa hiyo usiwaache waendelee kupimana ubavu ati kwa sababu inachekesha.

Wala usidhani ujasiri huo ni kinga. Mbwa wakiwa wawili watatu huchocheana, na aliyekuwa mwoga peke yake hupata moyo. Paka mwenye akili kwenye hali hiyo hutafuta mti.

Wangu anatikisa mkia, anainama, anataka kucheza. Paka anamzaba kofi. Kwa nini hawaelewani?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, na mara nyingi hakuna mwenye kosa. Mbwa akiinamisha kifua na kuacha matako juu anasema "njoo tucheze". Paka anaona mnyama mkubwa kuliko yeye aliyejikunja tayari kumrukia. Mkia wa mbwa unaoyumba kwa ulegevu, mwili mzima ukiyumba nao, ni furaha. Paka akiupigapiga mkia wake huku na huku, amechoshwa na makofi yapo njiani. Paka anayekuja mkia ukiwa umesimama wima anasalimia. Mbwa mwenye mkia wima uliokakamaa anajitutumua.

Kuna na lile la kulala chali. Mbwa mara nyingi hulala chali kuonyesha kwamba hataki shari. Paka aliyebanwa akilala chali amefungua ghala la silaha: kucha za miguu yote minne na meno juu yake. Mbwa mchanga anayesogeza pua hapo hujifunza somo lake mara moja.

La kutia moyo ni kwamba lugha hii inajifunzika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv waliochunguza mbwa na paka wanaoishi nyumba moja, na kutoa matokeo yao mwaka 2008, waliona kwamba wengi wao walijua kusoma ishara za mwenzao, hata zile zenye maana iliyo kinyume na ya kwao. Waliokutanishwa wadogo, paka kabla ya miezi 6 na mbwa kabla ya mwaka, ndio waliopatana zaidi. Paka akiwa ndiye wa kwanza kuingia nyumbani, mambo huwa mepesi zaidi.

Nina mbwa mkubwa wa miaka minne na nimeahidiwa mtoto wa paka. Nifanyeje wasije wakauana?

Kwanza usiwaweke chini wakakutana "wamalizane wenyewe". Ushauri huo umezagaa, na umeua vitoto vingi vya paka.

Mpe paka chumba chake chenye mlango unaofungwa. Siku za mwanzo wasionane kabisa, wanusane tu: kitambaa alicholalia paka mpelekee mbwa, cha mbwa mpelekee paka. Mbwa akishaacha kukwaruza mlango kwa pupa, waonane kwa mbali, mbwa akiwa kwenye kamba na paka akiwa huru, wala si kinyume chake. Paka lazima awe na mahali pa juu pa kupanda, na njia ya kutoka ambayo mbwa haitoshei. Usimkumbatie paka mikononi ukimwonyesha mbwa; akishtuka ataparua uso wako.

Mtazame mbwa zaidi ya paka. Akimwona kisha akakugeukia wewe, au akanusa chini, au akalala, mpe kipande cha kitu akipendacho sasa hivi, si baadaye. Akikodoa macho bila kupepesa, mwili umekaza na mdomo umefumba, umewasogeza karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa na uanze tena. Kazi hii inaweza kuchukua wiki, hata miezi. Kuwaacha wawili peke yao chumbani ni jambo la mwisho kabisa, na kwa baadhi ya mbwa halifiki. Mbwa aliyewahi kuua paka mimi nisingempa mtoto wa paka hata kwa majaribio.

Kama mbwa wako alizoeshwa paka utotoni, kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, una bahati. Kwa paka dirisha hilo ni fupi zaidi: wiki ya 2 hadi ya 7.

Nikimchapa kila akimkimbiza paka, si ataacha?

Ataacha ukiwepo. Tena ataanza kuhusisha paka na maumivu, na hapo ndipo utamtengenezea ile chuki ambayo hakuwa nayo.

Tumebishana: nani ana mbio zaidi?

Paka hufika kama kilomita 48 kwa saa, ila kwa masafa mafupi. Greyhound hukaribia 70. Mbwa wengi wa nyumbani hawafiki huko, na paka hategemei mbio bali ukuta au mti ulio karibu. Kushuka ndiyo shida yake, maana kucha zake zimepindia nyuma. Inambidi ashuke kinyumenyume, na wengi hawana habari.

Mbwa alimkamata paka wetu mgongoni akamtikisa, tukawatenganisha. Hakuna damu, anatembea, ila amejificha chini ya kitanda na hataki kula. Tungoje?

Msingoje, mpelekeni kwa daktari wa mifugo leo. Meno ya mbwa hutoboa tundu dogo linalofunikwa na manyoya, huku ndani ngozi imeachana na nyama, mbavu zimevunjika au pafu limeumia. Kujificha na kukataa chakula ndiyo namna ya paka ya kulalamika. Mbebeni ndani ya boksi lenye matundu, mkimfunika kwa taulo ili asihangaike.

Na aliyewatenganisha, kama aling'atwa au kuparuzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali leo hiihii kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama tundu ni dogo.