"Envy" na "jealousy": kijicho si wivu

Ndugu, umeuliza kama "envy" na "jealousy" ni kitu kimoja, maana kamusi yako inayaita yote mawili wivu. Hapana. "Envy" ni kijicho: mwenzako kapandishwa cheo, wewe umebaki palepale, roho inakuuma. Mko wawili tu, na unachokitaka kiko kwake.

"Jealousy" ndiyo wivu hasa. Kitu unacho tayari, ila unaogopa kunyang'anywa. Mwenzi wako anacheka na simu, ukiingia tu anailaza kifudifudi mezani. Lile joto linalokupanda kifuani ndilo hilo. Hapo mko watatu, hata kama huyo wa tatu humjui.

Kinachonifurahisha mimi: "envy" limetoka kwenye Kilatini "invidia", na asili yake ni kumtazama mtu kwa jicho baya. Kijicho kabisa, kama sisi!

Usishangae lakini ukimsikia Mwingereza akimwambia rafiki anayekwenda likizo "I'm so jealous". Anamaanisha "envy", tena kwa utani. Mazungumzoni wanayachanganya siku zote, ila kwenye insha yatenganishe.