Sonara, mwambie daktari unachochoma

Hapa Bukavu mtu akitetemeka kwa homa usiku, nyumba nzima inasema malaria. Mara nyingi ni kweli. Ila sisi masonara tuna homa nyingine, ile inayokuja saa kadhaa baada ya kulehemu. Katika karakana yetu ya Kadutu kijana mmoja alimeza dawa za malaria huku kifua kikizidi kubana, mpaka muuguzi alipomuuliza anafanya kazi gani.

Baadhi ya lehemu za fedha zinazoyeyuka kirahisi zina kadimi, metali yenye sumu. Kadimi huchemka kwenye nyuzi 767, wakati dhahabu safi huyeyuka kwenye 1064, kwa hiyo moto wa chalumo, bomba letu la kulehemu, unaigeuza moshi bila shida. Mwanzoni unadhani ni mafua. Kesho yake mapafu yanaweza kujaa maji. Mimi nanunua lehemu isiyo na kadimi tu, na muuzaji asiyejua ndani mna nini namwachia mali yake.

Asidi ya nitriki nayo ina hila hiyohiyo. Ukisafishia dhahabu unatoka moshi wa kahawia, unakohoa kidogo, unarudi nyumbani mzima, halafu usiku pumzi inakata. Kazi hiyo naifanya nje, nikisimama upande upepo unakotoka. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Na wazee wetu wanaosema maziwa huondoa sumu ya moshi wanisamehe: maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda mapafuni.

Zebaki ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu mvuke wake haunuki. Dhahabu inayotoka machimboni, kama kule Kamituga, huja imeshachomwa ili kutoa zebaki iliyotumika kuikamata, lakini zebaki nyingine hubaki ndani, na sisi tukiiyeyusha dhahabu inatoka. Inatua ukutani, kwenye bati, kwenye nguo. Ikirundikana mwilini, mikono inatetemeka, na sonara wa mikono hiyo atashika nini? Wenzangu wanaoyeyusha chumba kimoja na kitanda cha watoto, tafadhali hamisheni kitanda leo, kama jiko haliwezi kuhama. Nguo za kazi zibaki kazini.

Ukifika kituo cha afya usiseme tu “nina homa”. Sema ulichoma nini, saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au la. Kama ni zebaki, omba kipimo cha mkojo. Jina la asidi likikushinda, piga picha ya chupa kwa simu kabla ya kuondoka karakana.